Daftari la Wiki: Wawili kwa Zamu

Mume na mke wanaoishi katika mashua ndogo ya tanga, yaani chombo cha mita tisa hadi kumi na mbili chenye kitanda, jiko na meza tumboni mwake, hudhaniwa na wengi kuwa watu walioikimbia ratiba, ilhali wamehamia tu chini ya ratiba nyingine, iliyo kali kuliko ya ofisini kwa kuwa haina mkubwa wa kuombwa ruhusa. Katika mwambao wa Afrika Mashariki ratiba hiyo hupangwa na pepo mbili: kaskazi, inayovuma kati ya Desemba na Machi, na kusi, inayoshika kuanzia Aprili hadi Septemba na kuvuma kwa nguvu zaidi. Chini ya pepo hizo upo mkondo wa bahari ambao, kusini mwa Malindi, huelekea kaskazini mwaka mzima, na ambao wakati wa kusi huweza kufikia maili nne za baharini kwa saa, maili moja ya baharini ikiwa ni kilomita 1.85. Mashua ya kadiri hiyo, ikipata upepo mzuri, hukata maili tano kwa saa. Anayetaka kushuka kutoka Mombasa kwenda Tanga mwezi wa Julai, basi, atabisha kutwa nzima, yaani atakwenda upande upande akiukabili upepo, na jioni ataikuta karibu minazi ile ile aliyoiaga asubuhi.

*

Kutoka Mombasa hadi Shimoni ni takriban maili 40, na kutoka Shimoni hadi Tanga ni takriban maili 30, kwa hiyo kwenye karatasi safari hiyo ni ya siku mbili zisizo na haraka. Kinachoivuruga hesabu ni jua. Mwambao huu unatazama mashariki, hivyo anayeingia bandarini kutoka bahari kuu huelekea magharibi, na alasiri jua humkaa machoni, uso wa maji ukang'aa wote sawasawa na mwamba uliozama mita moja usionekane kabisa. Jua likiwa utosini au kisogoni, maji hujieleza yenyewe kwa rangi, kwani buluu iliyoiva ni kina kirefu, kijani hafifu ni mchanga na kahawia ni mwamba. Ndiyo sababu nanga hung'olewa saa kumi alfajiri ili chombo kifike saa sita mchana, nacho hutoka gizani kwa kuifuata kinyumenyume njia iliyohifadhiwa na kifaa cha setilaiti siku ya kuingia, huku mmoja akisimama omo na tochi kutafuta nyavu na ngalawa zisizo na taa.

Ramani za bahari hazimalizi tatizo hili. Pwani hii ilipimwa katika miaka ya 1820 na Kapteni William Owen wa jeshi la majini la Uingereza, enzi ambayo kina kilijulikana kwa bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba na kutumbukizwa mahali pamoja baada ya pengine. Mwamba uliosimama kati ya vipimo viwili haukuwa na wa kuuandika.

*

Jambo ambalo masimulizi mengi ya maisha haya hulipita haraka ni kwamba watu wawili chomboni ni mabaharia wawili kwa saa chache tu za siku. Safari ikivuka usiku, mmoja hushika zamu kwa saa tatu au nne mwenzake akilala, kisha hubadilishana, hivyo kila mmoja huwa nahodha, baharia na mlinzi peke yake, na ndoa yao kwa muda huo huwa ni daftari la safari, linaloandikwa mwelekeo, upepo na meli zilizopita, pamoja na chai iliyoachwa katika chupa. Wanandoa wanaogawana kazi kama nyumbani, bwana akajua injini na ramani, bibi akajua jiko na akiba, huwa wamejijengea hatari wenyewe. Bwana huyo akianguka majini usiku, abiria aliyebaki ndiye chombo kizima: atapaswa kukigeuza, kushusha tanga, kuwasha injini, kumtafuta mtu ambaye kichwa chake hupotea nyuma ya kila wimbi, na mwisho kumpandisha mwenye kilo 80 na nguo zilizolowa juu ya ubavu wa mita moja, kazi isiyowezekana kwa mikono mitupu bali kwa kamba iliyopitishwa katika kapi. Mazoezi ya jambo hili hufanywa mchana, maji yakiwa shwari, na yafaa kufanywa na yule asiyeyapenda.

Ugawaji wa kazi huonekana wazi zaidi wakati wa kutia nanga. Bandari nyingi humwona mwanamume amekaa kwenye usukani akiamuru, na mwanamke yuko omo akipambana na mnyororo, ingawa usukani wahitaji utulivu na mnyororo wahitaji misuli. Daftari hili halijapata sababu ya mpangilio huo isipokuwa heshima ya kiti.

*

Nanga yenyewe ni hesabu. Nayo hushika kwa kulala, si kwa uzito peke yake, na ili ilale mnyororo sharti uivute kwa ulalo. Hivyo kwa kawaida hutolewa mnyororo wa mara tano ya kina, ukijumlishwa urefu wa omo kutoka majini. Sasa, wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa na kupwa kwa tofauti kubwa kuliko siku nyingine, bahari ya Unguja na jirani zake hupanda na kushuka kwa takriban mita nne. Aliyetia nanga maji yamekupwa, penye kina cha mita nne na omo ya mita moja, atatoa mita 25 na kulala ameridhika. Saa sita baadaye kina kimekuwa mita nane, mnyororo uliotakiwa ni mita 45, na nanga iliyovutwa kuelekea juu huanza kuburura. Akizitoa 45 tangu mwanzo, maji yakikupwa tena atazunguka duara pana kiasi cha kumgonga jirani. Hakuna jibu zuri zaidi ya kutia nanga mbali na watu, na wakati wa maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo, kulala usingizi wa kweli.

*

Kuhusu maji ya kunywa: tangi la lita 200, kwa wawili wanaotumia lita tano tano kwa siku, ni siku 20, mradi vyombo vioshwe kwa maji ya bahari.

*

Eric na Susan Hiscock wa Uingereza waliizunguka dunia kati ya 1952 na 1955 katika Wanderer III, chombo cha mita tisa hivi, na vitabu vya safari hizo vikabeba jina la Eric, ingawa saa za usukani zilikuwa za wote wawili. Lin na Larry Pardey, walioishusha majini Seraffyn ya mita 7.4 waliyoijenga wenyewe mwaka 1968, walikwenda mbali zaidi: hawakuwa na injini, na vitabu vyao vilibeba majina yote mawili.

Mwambao huu nao una kisa chake. Oktoba 2009 Paul na Rachel Chandler, waliotoka Shelisheli katika Lynn Rival kuja Tanzania, walitekwa usiku na maharamia wa Kisomali, mmoja wao akiwa zamu na mwenzake amelala. Walishikiliwa siku 388, kwa kipindi fulani wakatenganishwa, na mwaka 2012 wakarudi baharini katika chombo kile kile. Sekta ya meli ililiondoa rasmi eneo la hatari kubwa la Bahari ya Hindi tarehe 1 Januari 2023. Hata hivyo, uamuzi huo ulilenga meli za biashara, na mashua ya maili tano kwa saa haiwezi kumkimbia mtu yeyote, hivyo wenye nayo wanaendelea kuuliza habari za kila bandari kabla ya kung'oa nanga.