Vitengo Haviunganishwi Asubuhi ya Mashindano

Wasee, leo sina utani. Nimekasirika na nitasema.

Wikendi mbili zilizopita niliamka saa kumi na moja asubuhi, nikapanda matatu mbili na upinde wangu mgongoni. Upinde mtupu. Hauna kifaa cha kulengea, hauna zile fimbo ndefu za kuutuliza. Ni mbao, uzi na mimi. Nilikuwa nimelipa ada ya kitengo cha upinde mtupu, mita 50. Kufika, naambiwa: "Leo mko wachache, tumewaunganisha na rikavu. Mtapiga mita 70." Dakika ishirini kabla ya mshale wa kwanza! Nikauliza kwa nini. Jibu: "Si yote ni upinde tu?"

Zii. Si yote ni upinde tu.

Wacha nieleze kwa wale hawajawahi kushika mshale. Rikavu ya Olimpiki ina kifaa cha kulengea na fimbo za kutuliza. Kampaundi ina kapi kwenye ncha zake. Ukishavuta hadi mwisho, kapi zinakubebea sehemu kubwa ya uzito, halafu unaachilia kwa kifyatulio, si kwa vidole. Mmarekani anayeitwa Holless Wilbur Allen ndiye alipata hataza yake mwaka wa 1969. Kampaundi mpya ya hali ya juu inaweza kukununulia bodaboda. Halafu kuna sisi wa upinde mtupu: unalenga kwa ncha ya mshale, unahesabu vidole vyako kwenye uzi, unaomba Mungu.

World Archery, shirikisho la dunia, linajua hiyo tofauti. Mashindano ya nje, rikavu inapigwa mita 70, shabaha ya sentimita 122. Kampaundi ni mita 50, shabaha ndogo ya sentimita 80. Upinde mtupu ni mita 50, shabaha ile kubwa ya 122. Hata kuhesabu ushindi ni tofauti: rikavu wanacheza seti, kampaundi wanajumlisha alama za mishale 15. Kila chombo na kipimo chake. Sasa kama wakubwa wa dunia wanatenganisha, sisi wa uwanja wa nyasi tunaunganisha kwa ujuzi gani?

Na msinielewe vibaya. Mimi si adui wa mabadiliko. Mfumo wa seti ulipoingia kwenye rikavu mwaka wa 2010, kuna watu walilia. Leo mimi naupenda, kwa sababu mshale mmoja mbaya unakugharimu seti moja, haukuzikii mechi nzima. Kampaundi nayo itaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Los Angeles 2028, timu ya mchanganyiko, mwanamume na mwanamke. Hiyo ilitangazwa 2025. Miaka mitatu mapema! Watu wamepewa muda wa kujipanga. Sisi tulipewa dakika ishirini.

Najua waandalizi watasema nini. "Mko watatu, tukiwapa medali kila mtu anarudi nyumbani na medali." Poa, hiyo hoja ina uzito. Kitengo cha watu watatu ambapo wote wanapanda jukwaani ni kichekesho. Lakini nani alisema tunataka medali? Tunyimeni. Tupeni mita zetu 50 na mwandike alama zetu kwenye karatasi yetu, ili mwezi ujao nijue kama nimepanda ama nimeshuka. Na kama lazima tushindane pamoja, Waingereza wana mfumo wa handikapu: kila mpigaji anapewa namba kulingana na uwezo wake, halafu namba hiyo inasawazisha alama. Hesabu ipo. Ni uvivu tu.

Lakini hasira yangu haiko kwa alama zangu. Iko kwa msichana aliyesimama kando yangu. Miaka 16, mashindano yake ya kwanza, upinde wa kuazima wa klabu, ule mwepesi wa wanaoanza. Mita 70 mishale yake haikuwa inafika hata kwenye shabaha. Kila raundi sisi tunahesabu alama, yeye anatafuta mishale kwenye nyasi huku watu wakimngoja. Jina lake likasomwa la mwisho, kwa spika. Hajarudi mazoezini tangu siku hiyo.

Kila mwaka tunajigamba na Shehzana Anwar, mpiga upinde aliyebeba bendera ya Kenya Rio 2016. Tunataka mwingine kama yeye. Atatoka wapi, kama mlango wa kuingilia tunaufunga? Kwa sisi watoto wa matatu, upinde mtupu ndio mlango huo. Hatuna doo ya kuanzia kwingine.

Kwa hivyo waandalizi, mambo ni matatu tu. Andikeni kwenye tangazo idadi ya chini ya kila kitengo. Isipofika, tuambieni kabla hatujalipa nauli, na mtu aruhusiwe kurudishiwa ada yake. Na anayeanza asipigishwe umbali ambao upinde wake haufiki.

Hiyo si kudekezwa. Hayo ndiyo mashindano. Kile kingine ni kujaza orodha.