Kimya cha Muuzaji

Nyumba hainunuliwi kwa ajili ya kuta zake pekee. Anayeinunua hununua pia upepo wa dirishani, njia ya kutokea, kivuli cha mkorosho wa uani na utulivu wa usiku. Muuzaji anayajua hayo yote, na ndiyo anayoyasifia mbele ya mteja. Asiyoyataja ni yale aliyokwisha kuyapanga.

Huko Masasi na Newala, kila inapotajwa lami ya barabara itokayo Mtwara, mashamba ya kandokando hukatwa vipande. Mwenye shamba huiuza nyumba iliyo nyuma na kukibakiza kipande cha mbele. Mnunuzi, mara nyingi mwalimu au muuguzi aliyehamishiwa huko, hupokea karatasi iliyoandikwa kwa mkono mbele ya mwenyekiti na mashahidi. Mstari wa mwisho husema kwamba ameridhika na hali ya eneo wala hatakuwa na madai yoyote baadaye. Anatia saini. Kabla mwaka haujaisha, mkorosho umekatwa, ghala limesimama mbele ya baraza yake, na malori ya korosho yanapiga honi usiku kucha. Akilalamika, huonyeshwa ile saini.

Wapo wanaomtetea muuzaji. Husema mnunuzi na ajihadhari, na mtu mzima hutiaje saini asichokijua? Hoja hiyo ina sura ya haki, lakini haina roho yake. Mtu hujihadhari na kinachoonekana: ukuta wenye ufa, bati linalovuja, tangi lisilo na maji. Juu ya uwanda wa Makonde, ambako tangu zamani maji yalifuatwa mabondeni, mnunuzi makini huanza kuuliza maji. Lakini atachunguza kwa chombo gani nia iliyofichwa kifuani mwa mwenzake?

Sheria nayo imesimama mguu mmoja ndani, mwingine nje. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, iliyofuata nyayo za ile ya India ya 1872, inahesabu katika kifungu cha 17 kwamba kuficha jambo kwa makusudi ni udanganyifu. Lakini hapo hapo inasema kwamba kunyamaza tu si udanganyifu, isipokuwa pale ambapo mtu alikuwa na wajibu wa kusema. Kifungu cha 19 kinampa aliyedanganywa haki ya kuuvunja mkataba, kisha kinamnyima haki hiyo ikiwa kilichomponza ni kimya, naye angaliweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Ule mstari wa mwisho wa karatasi hupenya katika mwanya huo huo: humfanya mnunuzi ashuhudie dhidi ya nafsi yake kwamba aliangalia na akaridhika.

Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya 2007, inataka kibali cha kuendeleza ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, imeipa halmashauri ya kijiji sauti ardhi inapohamishiwa mgeni. Ni kinga njema, ila mlinzi huyo huja na rungu baada ya fedha kukabidhiwa, au humhoji mnunuzi na kumwacha muuzaji.

Masasi si mji mgeni kwa watu wa Visiwani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwatoa Unguja watu waliokombolewa utumwani, na safari yao ikakomea chini ya majabali ya Masasi. Mji ulioanzwa na wahamiaji unapaswa kujua kuliko mingine kwamba mgeni hana jicho ila ulimi wa mwenyeji.

Haki haisamehewi gizani. Anayesamehe sharti ajue anachokisamehe. Vinginevyo hakusamehe, ameibiwa. Kwa hiyo karatasi ya mauziano na ianze na kauli ya muuzaji: amebakiza nini, amekusudia kujenga nini, ameahidiana na nani. Isomwe kwa sauti mbele ya mashahidi. Akikataa kuandika, mnunuzi na azifunge fedha zake katika leso arudi zake. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo usingoje malori.