Programu ya Kuchagua Gari Ianze na Mtu



Muhula huu kundi letu la watu wanne limepewa kazi ya kubuni programu ya simu itakayomsaidia mnunuzi wa gari kupunguza machaguo. Wenzangu wanataka tuongeze vichujio: aina, mwaka, rangi, ukubwa wa injini, idadi ya milango. Mimi napinga, na sababu yangu imeegeshwa nje ya nyumba yetu.

Mwaka juzi gari la mama lilikufa. Mama anahudumia wazee majumbani kwao, hapa London, na bila gari hafiki kazini. Tulikaa sebuleni na simu yangu. Programu tuliyoitumia ilituuliza aina ya gari na ukubwa wa injini. Mama akasema, "Mwanangu, mimi sijui injini. Najua bibi yako magoti yanamsumbua, na kile kigari anachoshikilia akitembea lazima kiingie nyuma." Hapakuwa na mahali pa kuandika hayo. Ilipofika saa sita usiku bado tunapekua, bibi akatuambia, "Mchagua jembe si mkulima." Kwa heshima zote, mkulima wa methali hiyo hakuwekewa majembe elfu tatu mbele yake. Tulichoka, tukapanga orodha kwa bei, tukachukua la dizeli la mwaka 2013.

Lilikuwa nafuu kwa pauni 400 kuliko la petroli lililolifuata. Lakini programu haikutuuliza tunaishi wapi. Tangu Agosti 29, 2023, eneo la ULEZ limeenea London nzima. Gari la dizeli lisilofikia kiwango cha Euro 6, yaani kwa kawaida lililosajiliwa kabla ya Septemba 2015, hutozwa pauni 12.50 kila siku linapoendeshwa humo. Habari hizo tulizisikia, ila tulidhani zinahusu magari makuukuu tu. Zile pauni 400 tulizookoa ziliisha kwa siku 32 za kazi. Gari bado tunalo, kwa sababu hapa hakuna anayelitaka kwa bei tuliyonunulia.

Mwaka 1972 mwanasaikolojia Amos Tversky alieleza kwamba mtu mwenye machaguo mengi huweza kuyaondoa kwa sifa moja moja: kwanza bei, kisha ukubwa, mpaka kibaki kitu kimoja. Vichujio hufanya hivyo hivyo. Ubaya wake ni kwamba kilichoondolewa mwanzoni hakirudi, hata kama kwa mengine yote ndicho kingekufaa. Ukiandika mwisho pauni 3,000, gari la pauni 3,050 hulioni kamwe.

Napendekeza tuanze na maswali manne. Utaliendesha wapi? Litambeba nani? Nani atashika usukani, maana bima ya kijana wa miaka ishirini inaweza kushindana na bei ya gari lenyewe? Una kiasi gani cha kutumia kwa mwaka mzima, si siku ya kununua tu? Kisha programu ioneshe magari matano, na chini yake yale iliyoyaacha pamoja na sababu: "Hili limeachwa kwa ajili ya ULEZ." Taarifa zipo. Ukiwa na namba ya gari unaweza kuangalia bure historia yake ya MOT, na kama linatozwa.

Mwenzangu mmoja anasema maswali ya nyumbani ni kuwachungulia watu, tena yatawachosha. Kwa la kwanza nakubaliana naye: majibu yabaki kwenye simu ya mwenyewe, wasiuziwe wauza magari. Kwa la pili, maswali manne hayamchoshi mtu aliyekesha akipekua orodha.

Tunapiga kura wiki ijayo. Kabla ya hapo, tafadhali mwulizeni mzee mmoja nyumbani: ulipochagua gari, ni swali gani hakuna aliyekuuliza? Mniletee majibu kwenye mkutano wa chama. La bibi nimeshaliandika: mlango wa nyuma unafunguka kiasi gani?