Kodi Isiyo na Risiti

Kuna sentensi ambayo nimeisikia karibu katika kila semina ya ustawi wa jamii tangu nianze shahada ya uzamili: mlezi wa kwanza wa mzee ni familia yake. Watu wanakubali, tunakwenda kunywa chai. Sijawahi kusikia mtu akiuliza familia hiyo ni nani hasa, na analipwa shilingi ngapi.

Kwetu Sumbawanga familia hiyo alikuwa mama mdogo.

Bibi alipata kiharusi mwaka 2020, upande wa kulia ukalegea wote. Kikao cha ukoo kikakaa sebuleni kwa mjomba mkubwa. Wajomba waliahidi kuchanga hela ya dawa, wakashukuriana kwa kirefu. Kisha macho yote yakamgeukia mama mdogo, ambaye ndoa yake ilikuwa imevunjika. "Wewe si upo tu?" akaulizwa. Hakuwa yupo tu. Alikuwa na meza ya maharage sokoni na wateja wa Tunduma waliokuwa wakimpigia simu kabla hata mavuno hayajakauka. Mimi nilisalimika kwa sababu nilikuwa chuoni. Kaka zangu hawakuhitaji sababu.

Wajomba walitaka kujua hela yao inakwenda wapi, kwa hiyo mama mdogo akawa anaandika kila kitu kwenye daftari. Daftari hilo ninalo. Mwezi wa kawaida unasomeka hivi: maziwa nusu lita kila siku, 22,500. Sabuni, 10,000. Mkaa, 20,000, maana mwezi wa sita na wa saba upepo wa huku juu hauna huruma na mgonjwa haogeshwi kwa maji baridi. Dawa za presha, 28,000, kwa sababu dirisha la wazee pale hospitali lipo, ila mara nyingi tuliambiwa tukanunue nje. Bajaji ya kumpeleka kliniki na kumrudisha, 8,000. Jumla 88,500.

Nimelipitia ukurasa kwa ukurasa. Hakuna mstari wa aliyeamka usiku mara mbili kumgeuza bibi asipate vidonda vya kulalia. Hakuna mstari wa aliyefua. Kabla ya ugonjwa, meza ya maharage ilikuwa ikimpa mama mdogo faida ya kama 150,000 kwa mwezi. Ukiiongeza, gharama ya kweli ni 238,500, na zaidi ya nusu yake haikuandikwa popote. Sijahesabu shamba. Kwa misimu miwili hakulima ntumba, yale matuta yetu ya kufukia nyasi, kwa sababu mtu hawezi kushika jembe huku amekaa sikio mlangoni.

Sasa linganisha na makazi ya wazee. Serikali inayo: Nunge kule Kigamboni, Fungafunga Morogoro, Kolandoto Shinyanga, Njoro Moshi na mengine. Pale kuna chakula, godoro, paa na watumishi wenye mshahara na likizo. Sisemi wazee wa pale wanaishi raha. Ninachosema ni kwamba kila kitu pale kinatambuliwa kuwa ni gharama. Kumlisha mzee ni gharama, kumwogesha ni gharama, kukesha naye ni gharama, na kila kimoja kinatafutiwa kifungu cha bajeti. Mzee yuleyule akilala kwa binti yake, kazi zilezile zinageuka upendo. Na upendo hauna kifungu.

Ndiyo maana nasema ulinganisho tunaopenda kuufanya, kwamba kumtunza mzee nyumbani ni nafuu kuliko kumweka kwenye makazi, ni wa uongo. Unafuu huo unapatikana kwa kufuta safu moja ya hesabu, na safu inayofutwa ni ya mwanamke. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imeyaweka makazi kuwa kimbilio la mwisho, kwa mzee asiye na mtu wa kumtunza. Kwa hilo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kwamba mzee asiye na mtu anahudumiwa kwa fedha ya umma, na mzee mwenye mtu anahudumiwa na mtu huyo mpaka mtaji wake uishe.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza: "Sisi si Wazungu, hatutupi wazazi wetu." Basi tuwatazame hao Wazungu. Ujerumani, zaidi ya watu wanane katika kila kumi wanaohitaji uangalizi wanatunzwa nyumbani, wengi wao na ndugu zao. Tofauti yetu na wao ni kwamba tangu mwaka 1995 wanayo bima ya uangalizi, na mgonjwa anayetunzwa nyumbani na ndugu anaweza kupokea fedha kila mwezi. Ni pungufu kuliko inayotolewa kwa mtu aliye kwenye makazi, lakini ipo. Kwa hiyo jirani yetu anayejivunia utamaduni na Mjerumani anayesemwa vibaya wote wana mama mgonjwa chumbani. Mmoja kati yao anasaidiwa.

La pili: "Serikali haina hela." Zanzibar ilianza kulipa pencheni jamii mwezi Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, kwa fedha ya serikali yenyewe, bila kumuuliza ana watoto wangapi. Na haikuwafukuza wazee wa Sebleni na Welezo ili iweze kulipa. Pande zote mbili zipo kwenye bajeti moja. Huku bara, shirika la Kwa Wazee kule Nshamba, Muleba, limekuwa likiwapa wazee fedha kila mwezi tangu mwaka 2003, wengi wao bibi wanaolea wajukuu yatima. Kwa hiyo njia ya kumfikia bibi kijijini na noti mkononi inajulikana.

Ni kweli 20,000 isingefika hata robo ya daftari letu. Ndiyo maana naomba zaidi ya pencheni. Naomba pencheni kwa kila mzee wa bara, awe na watoto kumi au asiwe na mtoto. Naomba posho ya mlezi kwa anayemtunza mtu asiyeweza kuinuka mwenyewe, iingie kwenye simu ya mlezi, si ya mwenyekiti wa kikao. Na makazi yabaki, yaongezwe vitanda vya muda, ili mlezi aweze kumpeleka mgonjwa wiki mbili, akalime au akalale, kisha amrudishe nyumbani bila aibu.

Na hilo la kukosa hela si kweli hata kidogo, kwa sababu hela inalipwa tayari. Ililipwa na mama mdogo kila mwezi kwa miaka mitatu. Hiyo ni kodi, tena alitozwa mtu mwenye kipato kidogo kuliko wote waliokuwa kwenye kile kikao. Mamlaka zinatuhimiza tudai risiti tukinunua hata kilo ya sukari. Yeye hakupewa risiti.

Bibi alifariki mwaka 2023. Mazishi yalipendeza. Wajomba walisifiwa kwa kumtunza mama yao, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi. Mama mdogo alikuwa jikoni.

Aliporudi sokoni, meza yake ilikuwa na mtu mwingine na wateja wa Tunduma walikuwa wamezoea namba nyingine ya simu. Ana miaka 51, mgongo unamsumbua, na hana mfuko wowote wa pensheni unaojua kwamba aliwahi kufanya kazi. Nilimuuliza angepewa ile 20,000 ya Zanzibar angeifanyia nini. Hakufikiri sana. "Ningemlipa binti wa jirani alale na bibi yako Jumamosi, niende gulioni," akasema.

Siku moja yeye ndiye atakayekuwa kitandani, na kikao kitakaa tena. Najua macho yatamgeukia nani. Nitakwenda, kwa sababu nampenda. Lakini nitakwenda na daftari, na mstari wa kwanza utakuwa wa mlezi.