Je, Jaji Aweza Kumtibu Mgonjwa wa Yaeda Chini?

Katika Bonde la Yaeda, mkoani Manyara, wanaishi Wahadzabe, ambao baadhi yao wangali wakitegemea mawindo, asali na mizizi, pamoja na jirani zao Wadatoga na Wairaqw. Mgonjwa wa Yaeda Chini akizidiwa, tegemeo kubwa la eneo lile ni hospitali ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kilutheri mwaka 1955. Je, akikosa tiba, aidai haki yake wapi?

Ndugu wasomaji, Ibara ya 11 ya Katiba yetu yaitaka Mamlaka ya Nchi iweke utaratibu wa mtu kusaidiwa na jamii wakati wa maradhi. Lakini Ibara ya 7 yazizuia mahakama zote kuyatia nguvu masharti ya sehemu hiyo. Haki imeandikwa, na mlango wa kuidai umefungwa papo hapo. Imebaki Ibara ya 14, haki ya kuishi, na wapo wanaotaka majaji wapitie humo hadi kwenye dawa na zahanati.

Tuwatazame majirani. Mwaka 2012 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu ya Kenya aliamua kwamba vifungu vya sheria ya bidhaa bandia ya 2008 vilihatarisha uhai wa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kwa kuwa vingeweza kuzuia dawa za bei nafuu zisizo bandia. Hapo jaji alikuwa kwenye kazi yake hasa: sheria ilisimama kati ya mgonjwa na dawa, akaizuia.

Uganda mambo yalikuwa mazito zaidi. Shauri la vifo vya kina mama wakati wa kujifungua lilifunguliwa 2011. Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ililikataa, ikisema hayo ni ya Serikali na Bunge. Mahakama ya Juu ikalirejesha 2015, na Agosti 2020 ukatoka uamuzi kwamba haki zilivunjwa, na Serikali itenge fedha za kutosha. Miaka tisa! Na hata baada ya hukumu, jaji hana wakunga wa kuwatuma vijijini.

Historia ya Kiislamu inayajua haya. Kwa kawaida kadhi hakuishika hazina ya umma. Lakini palikuwapo baraza la madhalimu, ambako raia alimshitaki hata mwenye madaraka. Hatuoni sababu ya raia wa leo kupewa pungufu ya hapo.

Sasa tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, inayowaweka wasio na uwezo chini ya dhamana ya Serikali. Kwa maoni yetu hapa ndipo penye uzito, kwani haki iliyotungiwa sheria na Bunge haifungwi na Ibara ya 7. Mwindaji asiyepokea mshahara wala kuuza mavuno, akiambiwa hakustahili kuitwa asiye na uwezo, ana swali halali la kumpelekea jaji, na jaji hana udhuru wa kulikwepa. Ila akishapata kadi, zahanati ya kuipokea haijengwi kwa hukumu. Hiyo ni bajeti ya halmashauri na ya Bunge, na wa kuulizwa ni diwani na mbunge, kabla bajeti haijapitishwa.