Kofia ya Lincoln na Miaka Minane ya Springfield

Kila Barack Obama anapoandikwa kwa Kiswahili, habari huanzia Kogelo, hupitia Honolulu na Harvard, kisha huruka hadi hotuba ya Boston ya Julai 2004. Miaka minane ya kati haigusiwi. Kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004 alikuwa mjumbe wa Seneti ya Jimbo la Illinois, akichaguliwa na wakazi wa kusini mwa Chicago na kusafiri zaidi ya kilomita 300 hadi Springfield kwenda kukaa kwenye vikao vya kamati ambavyo hakuna kituo cha televisheni kilichovitangaza. Kogelo ina shule ya sekondari iliyopewa jina la Seneta Obama. Wengi wanaosoma bango lake hawajui kwamba useneta wake wa kwanza haukuwa wa Washington.

Jambo hili limeniudhi kwa muda mrefu, na ndilo lililozaa toleo hili la jarida letu. Mabishano yetu kuhusu Obama yameegemea hotuba: je, alikuwa mtu wa misimamo au mtu wa suluhu? Mbunge wa jimbo haulizwi hivyo. Huulizwa aliwasilisha miswada gani, mingapi ilitoka kamatini, nani aliipinga na nini kilipunguzwa ili ipite. Tukiacha maswali hayo tunabaki na ngano ya kijana mwenye kipaji aliyeng'ara kwa sababu alizaliwa kung'ara. Siiamini ngano hiyo, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki naiona ina hasara, kwa kuwa inamfundisha kungoja mtu badala ya kuchunguza kanuni.

Nianze na kofia iliyoamua mipaka ya maeneo ya uchaguzi ya Illinois, maana waandishi wetu wengi wameipa mstari mmoja, na wengine hawakuitaja kabisa. Katiba ya Illinois ya 1970 inaelekeza kwamba bunge likishindwa kukubaliana kuhusu mipaka mipya baada ya sensa, kazi inakwenda kwa tume ya watu wanane, wanne kutoka kila chama. Wanane wakigawanyika nusu kwa nusu, wa tisa hupatikana kwa bahati nasibu. Mwaka 1991 bahati iliwaangukia Republican, nao wakaishika Seneti ya jimbo kwa miaka kumi kuanzia 1993. Hiyo ndiyo Seneti aliyoikuta Obama: chama chake katika kundi la wachache, na rais wa Seneti, James "Pate" Philip, mwenye uwezo wa kuamua mswada gani usikilizwe. Miswada ya wachache ilipelekwa Kamati ya Kanuni, na mingi ilifia humo bila hata kujadiliwa.

Septemba 2001 tume ilikwama tena. Katibu wa Jimbo, Jesse White, akatia mkono ndani ya kofia iliyotengenezwa kwa mfano wa ile ya Abraham Lincoln, akatoa jina la Michael Bilandic, Democrat aliyewahi kuwa meya wa Chicago. Ramani ikawa ya Democrat. Eneo la Obama, lililokuwa limejikita Hyde Park na mitaa ya Waamerika weusi ya kusini, likanyooshwa kuelekea kaskazini kando ya Ziwa Michigan hadi likawafikia matajiri wa katikati ya jiji. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi mapema mwaka huo na mtaalamu wa ramani wa chama chake kuangalia mistari ipite wapi. Uchaguzi wa Novemba 2002 ukakipa chama chake wingi wa viti, na Januari 2003 Emil Jones, mwanasiasa mkongwe wa kusini mwa Chicago, akawa rais wa Seneti. Obama akapewa uenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii.

Baada ya hapo miswada ikaanza kupita mfululizo. Yaliyokuwa yamekwama kwa miaka sita yalipita katika miaka miwili. Sheria ya kuwataka polisi waandike rangi ya kila dereva wanayemsimamisha ilipita 2003, ili Illinois ipate takwimu badala ya kuendelea kubishana kwa hisia. Nafuu ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato cha chini, iliyoanzishwa 2000, ilifanywa ya kudumu, tena ya kurudishiwa fedha hata kwa asiye na kodi ya kudaiwa. Bima ya afya ya watoto ikapanuliwa. Wenzake walinung'unika kwamba miswada waliyoihangaikia miaka mingi ilipewa Obama aibebe, na manung'uniko hayo yalikuwa na msingi. Obama alikuwa amemwendea Jones na kumwambia kwamba ana uwezo wa kumtengeneza seneta wa Marekani, na Jones akakubali kuutumia. Namtaja Jones kwa makusudi. Katika maandishi yetu hapewi hata nusu ya nafasi anayostahili.

Msomaji asidhani kwamba natukuza kofia tu na kumdharau mtu. Sheria moja inanizuia, nayo ni ile ya kurekodi mahojiano ya polisi na washukiwa wa mauaji. Illinois ya wakati ule ilikuwa na aibu kubwa. Tangu hukumu ya kifo irudishwe jimboni, watu 12 walikuwa wameuawa kwa sindano ya sumu, na 13 waliokuwa wakingoja kifo walibainika kuwa hawakustahili kuwa pale. Januari 2000 Gavana George Ryan, Republican, alisimamisha utekelezaji wote. Januari 2003, siku chache kabla ya kuondoka madarakani, akawapunguzia adhabu wafungwa 167. Huko Chicago majina ya watu waliokiri makosa kwa kuteswa chini ya kamanda Jon Burge yalikuwa yanajulikana. Ndipo Obama akaleta mswada unaotaka kamera au kinasa sauti viwe vimewashwa tangu swali la kwanza, siyo mshukiwa anapoanza kukiri.

Polisi walipinga. Waendesha mashtaka walipinga. Gavana mpya, Rod Blagojevich wa chama chake mwenyewe, alikuwa amesema haungi mkono. Kuwashinda kwa idadi ya kura kungewezekana, kwa kuwa sasa Democrat walikuwa wengi, lakini sheria inayotekelezwa na polisi wanaoichukia huwa karatasi tupu. Obama aliwaita mezani mara kwa mara, akasikiliza hofu zao moja moja, akakubali vifungu vya dharura pale kurekodi kunaposhindikana, na akagoma kuachia kiini: mahojiano yote, si ungamo pekee. Hoja yake kwa polisi ilikuwa kwamba rekodi inamlinda pia askari mwaminifu anayesingiziwa. Mswada ukapita Seneti bila kura hata moja ya kupinga, Blagojevich akabadili msimamo na kuusaini Julai 2003, na Illinois ikawa jimbo la kwanza kuweka sharti hilo kwa sheria ya bunge. Alaska na Minnesota zilikuwa zimelipata kwa amri ya mahakama. Ukinitaka nichague tendo moja la kisiasa katika maisha yake yote lililofanywa kwa mikono yake mwenyewe, nitachagua hili kabla ya mengi ya Ikulu ya Washington.

Sasa nigeukie makala za toleo hili. Ile inayohusu uchaguzi wa 1996, ambapo sahihi za kuomba uteuzi za Alice Palmer na wapinzani wengine watatu zilipingwa hadi Obama akabaki peke yake kwenye karatasi ya kura ya mchujo, ni ya haki na haimwonei huruma. Makala kuhusu sheria ya maadili ya 1998, aliyoisukuma pamoja na Kirk Dillard wa Republican, ni fupi kuliko nilivyotaka, ingawa ndiyo ushahidi bora kwamba hata mbunge wa kundi la wachache anaweza kupitisha jambo akipata mwenzake upande wa pili. Kipigo alichopewa na Bobby Rush mwaka 2000, alipojaribu kuingia Congress, kimeelezwa vizuri. Kuhusu sheria ya haki ya afya ya 2004, mwandishi ana hasira kwamba ilianza kama ahadi ya bima kwa wote na kuishia kuunda jopo la kutafiti baada ya kampuni za bima kuingilia kati. Hasira hiyo naishiriki.

Makala ndefu kuliko zote inachambua kura za "nipo". Obama alipiga takriban 130 kati ya maelfu ya kura zake, na wapinzani wake wa 2008 walizitumia kumwita mwoga. Mwandishi anakumbusha kwamba Illinois mswada unahitaji kura 30 za ndio kati ya wajumbe 59, hivyo "nipo" ina uzito ule ule wa hapana, na kwamba katika miswada ya uavyaji mimba kura hizo zilipangwa pamoja na watetezi wa haki za wanawake. Anathibitisha hilo kwa makini. Bado naona kuna kura kadhaa za miswada ya jinai ambazo utetezi huo hauzifikii, na nimemwambia hivyo.

Mwandishi wa makala ya mwisho ananishutumu mimi. Anasema nimeing'ang'ania kofia kiasi cha kumfanya Obama abiria tu, na kwamba mambo ya mistari ya Illinois hayamhusu mkazi wa Kisumu wala wa Embu. Nimeichapisha bila kuipunguza. Lakini Kenya ilichora mipaka ya maeneo bunge yake 290 mara ya mwisho mwaka 2012. Katiba ya 2010, kifungu cha 89, inataka mipaka ipitiwe kila baada ya miaka 8 hadi 12. Muda huo uliisha Machi 2024 wakati tume ya uchaguzi haikuwa na kamishna hata mmoja, nasi tulikuwa tunajadili nani atashirikiana na nani 2027. Kuna mkazi wa eneo ambalo watu wake wameongezeka maradufu, na kura yake ina uzito mdogo kuliko ya jirani yake, bila yeyote kumpigia kelele. Ndiyo maana toleo lijalo litahusu ramani, na natafuta waandishi watakaokwenda kusoma kumbukumbu za mabunge ya kaunti, mswada kwa mswada, kama tulivyojaribu kuzisoma hapa za Springfield.