ULEVI: UGONJWA AU ULEGEVU?

Ndugu wanachama,

Mkutano uliopita uliacha neno moja bila kulimaliza. Mwenzetu mmoja, jina tunalihifadhi, alipokea fedha za karoti na kabichi jioni ya gulio. Asubuhi hana hata senti, na deni la mbolea liko palepale. Wapo waliosema afukuzwe, eti ni mlegevu tu, angetaka angeacha. Wengine wakasema ni mgonjwa, asidaiwe. Sisi wa kamati ya ubao huu tunaona kila upande umeshika nusu ya ukweli.

Kwanza, ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani limeuweka katika orodha yake ya magonjwa, na dalili tunaziona wenyewe. Asubuhi mikono inamtetemeka, kikombe cha chai hakishikiki, jasho linamtoka na baridi yetu hii ya Lushoto! Akipata kidogo anatulia. Huyo hanywi tena kwa raha, anakunywa ili asiumwe. Mnywaji wa namna hiyo akikatishwa ghafla anaweza kuanguka kama mwenye kifafa, hata kufa. Basi wanaosema "mfungieni ndani siku tatu" waache. Aonwe na mganga wa hospitali kwanza.

Tena, mbona kumi wanakunywa kilabu kimoja na ananaswa mmoja? Kuna linalorithiwa katika ukoo, kuna kuanza mapema, kuna majonzi. Hapa hapa Usambara, kule Lutindi, wagonjwa wa akili wanatunzwa tangu mwanzo wa karne ya 20, wala hakuna mwenye busara anayewaambia "jikazeni." Na tangu mwaka 2011, kuanzia Muhimbili, serikali inawatibu watumiaji wa heroini kwa dawa ya methadoni. Ulegevu hauna dawa hospitalini, ugonjwa unayo.

Lakini ugonjwa haufuti deni. Mwenye kisukari hakujitakia, ila kumeza dawa na kuacha soda ni kazi yake, hakuna wa kumfanyia. Mwenzetu naye akubali kwamba anaumwa, akubali kutibiwa, na alipe.

Na sisi je? Mwaka 2017 serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba, maana ilikuwa rahisi na ya kutia mfukoni, hata mtoto aliipata. Sisi ushirika tunamlipa mtu jioni, hatua chache kutoka kilabuni, halafu tunashangaa fedha zimekwenda wapi! Jamani, hapo tumemsukuma wenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza:

1. Malipo yatolewe asubuhi, ofisini, si jioni gulioni.
2. Mwenzetu asifukuzwe. Deni likatwe kidogo kidogo kila mavuno, na yeye akiridhia, fedha azipokee pamoja na mkewe.
3. Wanachama wawili wamsindikize hospitali, na wasichoke akirudi nyuma. Wengi huanguka mara kadhaa kabla ya kusimama.

Tukimfukuza, ulevi hautahama kijijini. Utabaki na mke, watoto na shamba lisilolimwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwenye wazo jingine alilete mkutanoni, tulijadili mbele yake, si kisogoni.

Kamati ya Ubao